Ngozi ya Zulekha

Zulekha alikuwa amewapaka hina nusu ya maharusi wa Kitale kabla mkono wake wa kulia haujaanza kutetemeka. Ugonjwa ni ule ule uliomtesa mama yake hadi akawa analishwa uji. Basi Daktari Mukami, aliyekuwa akiutafiti ugonjwa huo, alipomwomba kipande cha ngozi, kidogo kama punje ya dengu, hakusita. Seli za ngozi hiyo zingefugwa maabara na kubadilishwa ziwe seli za neva, za aina ile inayokufa katika ubongo wa wanaotetemeka, ili dawa zijaribiwe kwazo.

"Hazitarudi kichwani mwako, mama," daktari alimwambia wazi. "Pengine wewe mwenyewe hutapona."

"Mama yangu nilimuona," alijibu Zulekha. "Kata."

Umbea hauna breki. Habari zikafika Bungoma kwa kaka yake, Abdisalam. Kwao hata kucha zikikatwa huzikwa, sembuse nyama ya mtu. Akapiga simu akifoka.

"Ati umewapa watu mwili wako waweke kwa chupa? Mwili ni amana, Zulekha! Kuja na hiyo ngozi tuizike. Ukikataa, sahau nafasi yako kando ya mama."

Hapo moyo ulimuuma kwelikweli, kwa maana nafasi ile aliitamani tangu siku walipomzika mama. Hata hivyo alikwenda Bungoma mikono mitupu.

Abdisalam alimpeleka moja kwa moja makaburini. Kando ya kaburi la mama alikuwa amechimba kishimo kadiri ya sufuria ya chai, na pembeni ameweka kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Sanda! Zulekha angecheka kama asingekuwa na hasira.

"Iko wapi?" akauliza kaka mtu.

Zulekha akamwonyesha video aliyotumiwa na daktari. Seli zilikuwa zimetoa mizizi, zikipapasa na kutafutana.

"Hii ni nini? Mbona inasonga?"

"Ni ile ngozi yangu, imekuwa neva. Si unaona iko hai?"

Zulekha akatwaa jembe lililoachwa kando ya kishimo. Mpini ulimchezea mkononi, udongo ukamwagikia viatu vyake, na kaka yake aliponyoosha mkono kumsaidia akamkwepa. Alifukia mpaka kishimo kikawa sawa na ardhi.

"Kaburi langu utalichimba nikifa, kaka, na utalichimba hapa hapa. Leo hakuna maiti."

Akaokota kile kitambaa cheupe, akajifuta udongo mikononi, akamrudishia.