Kidole cha Mwisho

"Shusha hilo dole gumba, mzee! Unapiga gitaa au unakaba kuku?"

Fundi viatu, mtaa mzima ukimwita Kisigino, akalirudisha dole nyuma ya shingo ya gitaa. Mwalimu wa muziki, binti aliyeleta kiatu kibandikwe soli akamkuta anapiga, alikaa kwenye kiti cha wateja, mguu mmoja peku, penseli mkononi. Kidole kikilala, anakigonga.

"Kisimame kwa ncha. Na hiki cha mwisho mbona umekikunja? Kinaumwa?"

"Hakina kazi hicho."

"Nani kakwambia?"

Kisigino akakitazama kidole chake kama mtu aliyekuta mgeni chumbani kwake.

Aliyemwambia ni kaka yake. Enzi hizo gitaa la baba lilikuwa la kaka, mdogo mtu haruhusiwi hata kulifuta vumbi. Kaka akipiga anageukia ukuta, wewe unaona mgongo tu. Kisigino akajifunzia mlangoni, kwa masikio, na gitaa lake la debe lenye nyuzi za waya za breki. Wimbo wa baba una mahali unapanda, na pale kaka hupiga ukelele, "Haya weee!" Siku moja mdogo mtu akaomba, "Kaka, nionyeshe basi, hata kidogo." Kaka hata hakugeuka. "Kidole cha mwisho kikunje. Hakina kazi."

Basi, akakikunja miaka thelathini na ushei. Mwanzoni mwa miaka hiyo, kwenye harusi ya dada yao, akakwama palepale pa kupanda. Kaka akamnyang'anya gitaa mbele ya wakwe: "Jamani msameheni, huyu kazoea kushona!" Watu wakacheka wakashika mbavu. Hata bibi harusi.

"Aliyekwambia hivyo alikuwa anakukomoa," mwalimu akasema, akavaa kiatu chake.

Kukomolewa! Neno hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku ile alipigilia misumari utadhani kila kichwa ni cha kaka.

Na binti wa dada huyohuyo alikuwa anaolewa baada ya miezi mitatu. Wimbo uleule, watu walewale. Kisigino alijua anachotaka: apige mpaka mwisho, mgongo amempa kaka, halafu ageuke amwambie, "Jamani msameheni, huyu kazoea kukunja."

Akabandika kipande cha ngozi nyuma ya shingo ya gitaa kwa gundi ya viatu, dole gumba lijue kwao. Kidole cha mwisho kilikuwa kama mtoto aliyedekezwa, ukikituma huku kinakwenda kule. Akakipa kazi dukani: kishike ukingo wa kiatu, kivute uzi wa nta. Kikaota sugu.

"Polepole, mzee. Haraka ya nini?" mwalimu akamuuliza siku moja alipopita.

"Nina mtu wangu wa kumwonyesha."

Siku ikafika. Kaka akaja na kikohozi na kofia pana, ila mdomo uleule. "Kisigino! Gundi umeleta? Maana huu wimbo ulikubandukia!"

Kicheko. Kisigino naye akacheka, meno tu.

"Anza wewe, kaka. Wewe ndiye mkubwa."

Mashangazi walishajipanga ukutani kote, kaka hakuwa na pa kugeukia. Akapiga akitazamana na watu. Kisigino akasogea, na kwa mara ya kwanza maishani akauona ule mkono. Dole gumba limekaba shingo. Kidole cha mwisho kimekunjwa, kimekauka kama kijiti. Kufika pa kupanda, "Haya weee!", na chini ya ukelele hakuna sauti hata moja ya gitaa.

"Unatazama nini wewe?"

"Hakuna, kaka."

Zamu yake. Akakigeuza kiti, mgongo kwa kaka, kama alivyopanga. Mbele yake kabati la vyombo, la vioo. Akapiga. Pale pa kupanda kidole cha mwisho kikanyooka, kikagusa, kikagusa tena.

"Kumbe huu wimbo una hapo!" shangazi mmoja akasema.

Kwenye kioo cha kabati alimwona kaka nyuma yake. Hacheki. Kakishika kidole chake cha mwisho kwa mkono mwingine, anakinyoosha. Kinarudi. Anakinyoosha.

Lile neno lake la "Jamani msameheni" lilikuwa limeshafika ulimini. Wimbo nao ukawa unarudi tena pa kupanda.

Kisigino hakugeuka. Akausogeza mkono wa kushoto nje kidogo, mahali pa mwanga, kaka auone, akapunguza mwendo.