Nyama Ambayo Wariara Hakuonja

Kitendawili. Mlango wangu haufungiki, na ndani hakuna mtu.

Bibi Wachuka alimtegea mke wa mwanawe hicho huku akimwosha kidonda kwa maji ya chumvi, apate kucheka kidogo. Wariara alikuwa amepasuliwa tumbo katika hospitali moja mjini Nakuru, akatolewa mtoto msichana, mzima, akaitwa Wachuka kama nyanya yake, maana binti wa kwanza ni wa mama ya baba. Mtoto alinenepa. Tumbo la mama lilikataa kupona. Pareto ilichumwa kule Dundori kwenye shamba la Mzungu walikoishi, ikachanua tena, ikachumwa tena, na Wariara bado yuko kitandani na uji mwepesi. Chochote kigumu alichokula kilirudi.

"Ni kidonda," Wariara alijibu. "Hicho rahisi, mama."

Bibi hakumsikia. Alikuwa ameona uzi. Akaushika kwa vidole viwili, akavuta, na uzi ukaja na kitambaa, na kitambaa kikazidi kuja, cheusi, chenye kunuka, mpaka bakuli likajaa. Wakakitazama wote wawili. Bibi akaliweka bakuli chini.

"Kumbe ndani kulikuwa na mtu," alisema.

Kahiga, mume wa Wariara, aliyekuwa mkamuzi wa ng'ombe wa Mzungu, alikwenda hospitali kuuliza. Daktari hakutoka. Baada ya siku chache akaja karani wa hospitali, Dalmas, akivuta kondoo dume mnono kwa kamba.

"Daktari anasema pole," akasema. "Ameambiwa kwenu maneno huisha hivi."

Kahiga akaita wazee. Kondoo akachinjwa uani, wakala pamoja na Dalmas, wakafuta mikono kwa majani. Na kwa Wakikuyu wa huko, kondoo wa kosa akishaliwa, kosa limezikwa. Anayelifukua anafukua laana.

Kwa hiyo Wariara alipopata nguvu ya kukaa, akasema anataka kwenda kwa wakili, yule Mhindi wa mjini, Kahiga alishtuka hata akamwaga chai.

"Kwa wakili kufanya nini?"

"Kumwuliza, mtu akisahau nguo zake tumboni mwangu, mimi nina haki gani." Akamweka mtoto begani. "Baba Wachuka, muuguzi wa zahanati ameniangalia. Kizazi kimeoza. Huyu ndiye wa mwisho."

Kahiga alijua maana yake. Binti wa pili ndiye angepewa jina la mama yake Wariara, Wamuyu. Sasa Wamuyu angekufa na jina lake.

"Lakini tumekula," akasema polepole. "Unataka laana iingie nyumba hii?"

Akamwita Mzee Karanja, aliyekata nyama siku ile, amwambie mwanamke asikie.

"Mwanangu," Karanja akasema, "kondoo aliyeliwa hafufuki."

"Baba, nikutegee kitendawili?"

"Tega. Wewe umeharibiwa na huyu mama mkwe wako."

"Wageni wamekula wakashiba, mwenye karamu ana njaa."

Mzee akawaza, akajikuna shingo. "Nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Nakuru."

"Nakuru nimeichukua, na kesho naenda huko. Mwenye karamu ni mimi, baba. Sikuonja."

Karanja akamgeukia Kahiga. "Si desturi aliyekosewa aonje wa kwanza?"

"Nilimwonjea mimi. Mimi ni mume wake."

"Tumbo lililopasuliwa lilikuwa lako?"

Bibi Wachuka akainuka. Kwenye uchaga juu ya meko akashusha kifurushi cha majani, akakifungua. Lilikuwa fungu la Wariara, limekaushwa na moshi likawa kama ukuni.

"Nilimwekea," akasema. "Angekulaje, na kile kitambaa kimemharibu vile?"

Karanja aliigeuza ile nyama, hakuna mahali palipoguswa na jino. Akaiweka chini taratibu, akafuta vidole kwenye koti.

"Basi hatukuzika kitu," akasema. "Siku ile tulikula kondoo tu."

Asubuhi Kahiga mwenyewe alimpeleka Wariara kwa wakili. Walibeba kitambaa ndani ya bakuli lenye kifuniko, na ile nyama pia, kwa sababu Kahiga aliona ndiyo ushahidi mkubwa. Wakili alifunua bakuli, akalifunika upesi. Kisha akaitazama nyama mezani pake.

"Na hii?"

Kahiga akaeleza yote.

"Bwana," wakili akasema, "hata mama angemmaliza kondoo mzima na kwato zake, haki yake ya kushtaki ingekuwa palepale. Pole si hukumu."

Kahiga akaikunja nyama ndani ya majani yake. Walikuwa wamekaribia kunyamaza maisha yao yote kwa ajili ya nyama.

"Siahidi kushinda," wakili akaendelea, akishika kalamu. "Lakini daktari ataitwa, naye atajibu. Niambie, mama, umepoteza nini?"

"Wamuyu," Wariara akasema.

Wakili akaandika. "Huyu Wamuyu ni mtoto wako?"

"Angekuwa."

Kalamu ikasimama.