Chumvi ya Kuvusha

Mkemia alikuwa ameapa kwamba leo habanduki mbele ya chupa yake hata dunia ipinduke. Wenzake walikwisha kwenda zao mapumzikoni. Maabara nzima ilikuwa yake peke yake, na upweke wenyewe alikwisha kuuzoea, au ndivyo alivyojidanganya.

Ndani ya chupa mlikuwa na maji chini na mafuta ya plastiki mbichi, yaani ambayo bado hayajaungana, juu, vitu viwili visivyoelewana hata uvikoroge vipi. Kianzishi, kemikali ya kuyaamsha mafuta yaungane, kimo majini, kazi yake iko kwenye mafuta. Kinachokivusha ni chumvi moja maalumu, na yeye alitaka kujua, akiiongeza, minyororo ya plastiki itaundwa haraka kiasi gani. Hewa ikiingia tu, kwisha habari. Ndiyo maana mkono wake haukutoka kwenye koki ya naitrojeni, gesi ya kuifukuza hewa.

Mdogo wake akatokea nyuma ya mlango wa kioo, begi mkononi. Alikuwa anahamia ng'ambo siku hiyo hiyo. Ana pumu, kwa hiyo kuingia kwenye mivuke ile haiwezekani.

"Dada, toka basi nikukumbatie niende!"

"Ngoja kidogo tu, mdogo wangu. Nachukua sampuli."

"Wewe na chupa zako! Si ungeolewa nazo tu?"

Alicheka, lakini macho yalikuwa mekundu.

Dada akamimina sampuli kwenye methanoli. Plastiki ikiwepo, hujitenga kama unga mweupe. Hakuna kitu. Akajipa moyo: oksijeni iliyosalia huchelewesha mwanzo. Akachukua nyingine. Vilevile.

"Bado kidogo!" akapaza sauti bila kugeuka.

Iliyofuata nayo ikabaki angavu. Hapo ndipo alipotupa jicho kwenye mizani. Kisahani kilikuwa palepale, na chumvi yote juu yake. Alikuwa ameipima, mdogo wake akapiga simu kusema yuko njiani, kisha akatia kila kitu chupani isipokuwa hiyo.

Akaiacha koki, akakimbilia mlangoni. Korido tupu. Akashuka ngazi mbiombio hadi getini, koti la maabara likipepea.

"Teksi yake imeondoka sasa hivi, mama," mlinzi alisema. "Kasema usisumbuliwe, uko kazini."

Alilia palepale, mbele ya mlinzi, bila haya. Hakukuwa na kazi yoyote mle ndani.