Kanda ya Lyndon Tranter

Usiicheze. Annika alilisema neno hilo mara tatu kwenye simu kutoka Gothenburg, na Royston Tranter akaitikia mara tatu: ndiyo, amesikia, yeye si kiziwi. Hapo alidanganya kidogo. Miaka kumi ya kupiga dramu na thelathini ya kiwanda cha minyororo ilikuwa imemwachia sikio moja tu la maana.

Huyo Annika kazi yake ni kufukua bendi za roki zilizosahaulika na kuzitolea santuri upya. Cinder Hounds, bendi ya akina Royston, aliwatafuta miaka sita. Santuri yao ya kwanza, hata mjini kwao Cradley Heath haikumbukwi. Ya pili haikutoka kabisa, maana kampuni iliwatupa walipoingia mjini vijana wa muziki wa punk, wenye pini mashavuni. Majira yale yale ya baridi gari la bendi liliteleza kwenye barafu, akafa Lyndon mwimbaji, mdogo wake Royston, ana miaka ishirini na sita. Kilichobaki ni kanda moja, pana kama sahani, juu ya kabati la Royston. Wimbo wa kwanza kwenye kanda hiyo ndio Annika aliokuwa akiusaka. Waliousikia mara moja katika baa ya Dudley wanausimulia mpaka leo.

"Kanda za miaka ile zinanyonya unyevu, gundi inalegea," alieleza. "Lazima kwanza ikaushwe kwenye oveni, moto mdogo, kwa muda wa saa nane. Ukiicheza hivi hivi, sauti yote itabanduka iwe vumbi. Nakuja Alhamisi. Vumilia, Royston."

Oveni! Royston alicheka peke yake. Kwani kanda ni keki?

Jumatatu nyumba ya wazee ikampigia: mama yake, Doreen, miaka tisini na minne, hali chakula tena. Alimkuta amesinyaa kitandani, amebaki macho.

"Roy. Ule wimbo alionitungia Lyndon. Niwekee."

"Alhamisi, Mama. Kuna mtu anakuja kuitengeneza kanda."

"Alhamisi mimi sipo, mwanangu," akasema, kama anayeghairi miadi ya daktari wa meno.

Nisimtetee mama huyu. Hakuwahi kumsikia mwanawe akiimba, hata siku moja. Alikuwa mtu wa kanisa, na roki kwake ilikuwa kelele za shetani. Ndilo neno la mwisho alilomtupia Lyndon mlangoni. Lyndon naye akajibu kwa kumtungia wimbo, ndio ule wa kwanza kwenye kanda. Mama alizipata habari hizo siku ya mazishi, na aibu ikamkaba miaka arobaini na sita. Leo ndipo anauomba. Mtoto gani atamwambia hapana?

Jumanne alasiri Royston akaibeba mashine ya zamani ya bendi ya kuchezea kanda hadi chumbani kwa mama, akaiweka juu ya meza ya chai, akapachika kanda, akabonyeza.

Gitaa likaingia. Kisha Lyndon. Jamani, Lyndon! Sauti ile ya kukwaruza, yenye kicheko ndani yake, mzima kabisa. Mama akafumba macho.

Ndipo mashine ikaanza kupiga kelele nyembamba. Royston akainama. Vumbi la kahawia lilikuwa likidondoka mezani, na kanda ikitokea upande wa pili plastiki tupu, unaona mwanga ukipenya. Kumbe Annika hakusema upuuzi. Mkono ukamruka hadi kwenye kitufe. Akizima sasa, nusu ya wimbo itapona, na watu watajua mdogo wake alikuwa nani.

Akamtazama mama. Alikuwa akitabasamu na machozi yakimtiririka hadi masikioni. Royston akautoa mkono wake, akalia hapo hapo bila kujificha, wimbo ukaenda mpaka mwisho. Kisha akazima.

Mama akafumbua macho. "Nani yule anayepigapiga makopo?"

"Mimi, Mama."

"Loo, umemfunika mwenzio! Nusu ya maneno sikuyapata." Akajiinua kidogo kwenye mto, akapangusa uso kwa shuka. "Haya, rudisha nyuma, Roy. Safari hii nitamsikiliza vizuri."

Royston akalikusanya lile vumbi la kahawia kwa kiganja, asijue aliweke wapi.