Gauni la Kompyuta

Shangazi alikuwa mshonaji, tena si wa kubahatisha. Kitu kikiingia nyumbani mwake uchi, hatulii mpaka akivishe. Redio ina koti, mtungi wa gesi una sketi. Sasa kompyuta ingeponea wapi?

Aliinunua kwa sababu moja tu. Binti wa kaka yake, aliyemlea tangu ananyonya, alikuwa anaolewa nchi ya mbali, na magoti ya shangazi yalikataa katakata habari za safari. Gauni la harusi alilishona yeye, likatangulia kwa posta. Mvaaji wake angemwona kwenye skrini.

Wa kumfundisha alikuwa jirani yake, fundi saa, mzee mwenye maneno mengi kuliko wateja.

"Hii ni skrini, unatazamia. Hii kibodi, unaandikia. Hiki kipanya, unakisogeza hivi, mshale nao unasogea."

"Hicho? Mbona kama sabuni iliyokaribia kwisha?"

"Sikiliza, jirani! Kazi yenyewe iko humu kwenye kisanduku." Akafungua ubavu wa kisanduku. "Prosesa ndiyo inayofikiri. Hii RAM ni kama meza yako ya kukatia: unaweka kile unachokifanyia kazi sasa hivi, na ukizima, meza inabaki tupu. Diski ndiyo kabati. Ulichohifadhi humo, kesho unakikuta."

Meza na kabati shangazi aliyaelewa papo hapo.

"Na hii ni feni."

"Makubwa! Mimi mwenyewe sina feni, sembuse sanduku?"

Fundi saa alicheka mpaka miwani ikamdondoka, na somo la feni likaishia hapo.

Asubuhi ya harusi alipofika, amevaa suti yake ya pekee, alikuta kisanduku kimependeza kuliko yeye. Shangazi alikuwa amekishonea vazi kwa mabaki ya satini ya lile gauni, lesi ukingoni, limekibana pande zote, na vitundu vya nyaya vimedariziwa.

"Leo kila mtu apendeze," alisema, na fundi saa akalisifu bila kinyongo.

Picha ikaja. Ukumbi umejaa, kaka mtu anajifuta jasho, na bibi harusi yuko mlangoni.

"Shangazi, unaniona?"

"Nakuona, mwanangu! Hebu shusha bega la kushoto, gauni likae..."

Skrini ikawa nyeusi.

Fundi saa alichomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Kompyuta ikawaka, kabla hata ya kufika kwenye picha ikazima tena. "Umeme huu," akanung'unika, ingawa taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.

"Anaingia sasa hivi," shangazi alisema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Nimemlea miaka yote hiyo, halafu nikose hatua zake hizi tu!" Akaegemea kisanduku. Akauondoa mkono haraka. Satini ilikuwa ya moto, kama imetoka kupigwa pasi.

"Jirani! Ile feni inapumulia wapi?"

Fundi saa akashika kichwa. "Huku nyuma. Lo! Umeiziba, na mimi nikakupigia makofi!"

Vazi halikuwa na zipu wala kifungo. Shangazi akachukua mkasi. Kazi ya mikono yake hakuwahi kuikata hata siku moja, na roho ilimuuma kweli, lakini aliipasua kuanzia juu hadi chini. Joto likamvuma usoni. Wakakaa wanakipepea kisanduku kwa magazeti kama wagonjwa wawili wanaomuuguza wa tatu, na kule kusubiri kulimchosha kuliko mkesha wowote wa kushona.

Hatimaye ikawaka, ikakaa. Picha iliporudi, ukumbi ulikuwa kimya, watu wameketi. Shangazi akajua yamekwisha, amekosa.

Kisha akamsikia kaka yake anambembeleza bintiye: "Mama, watu wamechoka. Ingia basi."

"Baba, nimeshasema. Siingii mpaka shangazi arudi."

Bibi harusi alikuwa bado mlangoni, mikono kiunoni, shada kwapani. Akageuka, akaona skrini.

"Huyo hapo! Shangazi, ulikwenda wapi?"

Shangazi alijifuta macho kwa kipande cha satini alichokuwa nacho mkononi.

"Nilikuwa namvua mtu nguo," alisema. "Ingia, mwanangu. Bega limekaa vizuri."