Hatua Nane za Enid Ackroyd

Jumapili, saa sita na robo mchana, Enid Ackroyd alimwaga kokoto kwenye trei ya bati, akazisawazisha kwa kiganja, kisha akapanga vitu vyake mezani: vifuu viwili vya nazi, ungo wa njegere kavu, kengele mbili na bati la kutikisa lingurume kama radi. Mlango wake ulisimama ndani ya fremu pasipo nyumba. Aliitia mafuta bawaba moja tu. Ya pili iliachwa ilie, ndiyo kazi yake.

Studio ile ya London ilikuwa ukumbi wa maonyesho wa zamani, na kipindi cha vichekesho kilikwenda hewani moja kwa moja saa saba na nusu, wakati nchi nzima iko mezani ikikata nyama ya kuoka. Enid alikuwa fundi wa sauti wa kipindi hicho, mwigaji wa mvua, kwato na nyayo, kwa miaka kumi na mmoja, na hakuwapo wa kumfikia. Akichekecha njegere, mvua ilinyesha sebuleni mwa wasikilizaji. Akigonga vifuu, farasi alipita jikoni. Watu walikwisha kuzoea. Ikikaribia saa saba na nusu, wenye busara walifungua miavuli juu ya meza, maana tangu vita nyama bado ilikuwa ya mgawo na hakuna aliyetaka mchuzi wake uzimuliwe. Wengine waliweka koleo karibu, kwa ajili ya samadi ya farasi, na mawaridi yao yalistawi vizuri sana miaka ile.

Barua za shukrani zilikuja kwa magunia, zote kwa Monty Prewett, mchekeshaji mkuu. "Mvua yako ya juzi ilikuwa tamu, bwana," watu walimwandikia. Monty hakuwahi kushika hata punje moja ya njegere, lakini shukrani hakuzikataa.

Mwisho wa kipindi mtangazaji alisoma majina: waigizaji, bendi, mwandishi, mtayarishaji. La fundi wa sauti halikuwamo. Enid mwenyewe angevumilia. Aliyeshindwa kuvumilia ni mama yake, huko Oldham, ambaye kifua kilikuwa kimeharibika kwa miaka arobaini ya vumbi la pamba kiwandani, na daktari hakumpa hata kufika Krismasi. Jirani yake, Bi. Scholes, alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba Enid anafagia studio. Mama alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: asikie jina la mwanawe redioni, na Bi. Scholes awe amekaa palepale.

Leo lingesomwa. Mtayarishaji, Bwana Cathcart, alikuwa ameahidi, na jina liliandikwa kwa wino, la mwisho kwenye orodha.

"Usiwe na wasiwasi, bibie," alimwambia. "Monty akienda sawa na saa, umo."

"Mimi sina wasiwasi. Kamwambie Monty."

Kipindi kilikwenda vizuri hadi zikabaki dakika tatu. Hapo Monty alipata kicheko kikubwa kwa mzaha wake wa mama mkwe, akanogewa, akaurudia mara tatu. Saa nane kamili ni taarifa ya habari, na taarifa ya habari haimsubiri mtu. Nyuma ya kioo, Cathcart alimpungia mtangazaji mkono. Orodha ikakatwa kutoka chini, kama ilivyo desturi.

Enid aliona, na moyo ulimuuma kweli. Kisha alivua ndara za kazi, akavaa viatu vyake vya kutokea, akapanda kwenye trei. Maikrofoni yake ilikuwa bado wazi, hakuna aliyekumbuka kuifunga. Alitembea hatua nane juu ya kokoto, akafungua mlango, bawaba ikalia, akaingia. Hakutamka neno. Mkataba wa fundi wa sauti haumruhusu kusema hewani, na Enid alikuwa mtu anayeheshimu kazi.

Aliingia katika kila nyumba iliyokuwa imefungua redio. Kwenye kila mlango alifuta viatu, mwanamke mrefu mwenye koti la kazi la kahawia, akasimama. Mjini Bristol walimpa kiazi. Mjini Plymouth mzee mmoja alimwomba arudishe mlango, baridi inaingia.

Huko Oldham, mama yake aliinuka kwenye mito.

"Ndiye huyo, Scholes. Enid wangu."

Bi. Scholes alimpima kwa macho, juu mpaka chini. "Huyu katumwa na Monty."

"Nimemzaa mimi."

"Basi na aseme jina lake, tumsikie."

Enid alimshika mama yake mkono, midomo ameifunga. Saa ilipogonga nane alitoka, nyumba zote kwa pamoja.

"Umemwona lakini," alisema mama.

"Kila mtu kamwona, shoga. Redio za mtaa mzima ziko wazi. Sasa wa kwako ni yupi?"

Wiki ile zilikuja barua elfu tisa. Watu walimsifu Monty kwa mwanamke yule mstaarabu, wakamwomba amlete tena. Cathcart alifurahi sana, akaongeza mstari kwenye maandishi ya Jumapili iliyofuata: mwanamke, hatua nane, mlango.

Jumapili hiyo Monty alikwenda sawa na saa. Enid alitembea kwa hatua thabiti, bora kuliko za kwanza, akaingia majumbani. Watu walikuwa wameshamwekea sahani. Oldham, mama alikuwa amevishwa gauni lake la kanisani na kuegemezwa kwenye mito. Redio ilisoma majina yote, moja baada ya jingine, bila kukatwa.

"Na mwanamke aliyewatembelea," mtangazaji alimalizia, mahali palipokuwa pa jina la Enid, "ameletwa kwenu na Monty Prewett."

Mama alifumba macho, akaubana mkono wa binti yake. Bi. Scholes aliinuka kwa heshima, akavuta kiti.

"Kaa, mwanangu, umechoka kutembea," alimwambia Enid. "Ukirudi huko, mpe Monty salamu zetu."