Swali la Tisa

Utafiti wa furaha ya wanafunzi ulipofika Savai'i, kisiwa cha Samoa, walimu waliucheka wiki nzima. Mkuu wa shule, Mzee Iakopo, aliwasomea barua ya watafiti ofisini, akavua miwani, akauliza, "Jamani, furaha inapimwa kwa kilo au kwa lita?" Lakini alipofika pale paliposema kwamba shule zitakazoshiriki zitapewa kompyuta, aliivaa tena miwani yake bila kucheka. Mwalimu Lagimaina ndiye aliyechaguliwa kukaa na mgeni na kumtafsiria, kwa kuwa alisoma Auckland na Kiingereza chake hakikuwa cha kuungaunga.

Mgeni aliitwa Pritchard, kutoka Brisbane, mtu mpole aliyeungua pua kwa jua. Alikuja na kompyuta, kinasa sauti, maswali yake kumi na mawili, na imani kwamba mtoto akiulizwa kwa upole atasema. Imani hiyo haikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa maana ya kusema.

Watu wa Savai'i hawana haja ya kuchosha mdomo kwa jambo dogo kama ndiyo. Muuza duka anauliza, "Mkate?" unapandisha nyusi, unapewa mkate. Mama anauliza kama umeoga, unapandisha nyusi, yameisha. Wapo waliokubali hata uchumba kwa njia hiyo, na leo wana wajukuu. Siku ya kwanza Pritchard alimvuta Lagimaina pembeni.

"Mbona kila ninachouliza kinawashangaza hawa watoto?"

Lagimaina alicheka, akamweleza. Naye mgeni akacheka, akajaribu kupandisha za kwake, akaonekana kama aliyemeza mwiba.

"Sasa shida ni kwamba mashine hainasi nyusi," alisema. "Mimi mwenyewe macho yangu yako kwenye kioo, nachapa. Ukiona hivyo, nisemee tu: amesema ndiyo. Sauti yako inatosha."

Basi akawa anamsemea kila mtoto. Amesema ndiyo, anapenda shule. Amesema ndiyo, hali chakula cha asubuhi. Kazi nyepesi, na chai ya kakao inaletwa. Swali zito lilikuwa moja tu, la tisa: je, nyumbani yupo mtu anayekuumiza? Ndiyo ya swali hilo isingelala kwenye kompyuta. Ingepelekwa mji mkuu, Apia, siku hiyo hiyo, kwa ofisi ya ustawi wa watoto, na watu wangekuja na gari kumwona mtoto. Lagimaina alijua hivyo tangu mwanzo. Alisaini kwa mkono wake kwamba ameelewa.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, akaingia Fuatino.

Mwaka uliopita huyu msichana ndiye aliyekuwa akimaliza maswali ya sayansi wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Mwaka huu alikuwa akisinzia darasani, akikaa upandeupande, akivaa sweta kwenye joto la kuivisha ndizi. Mama yake alikuwa New Zealand akifungasha matufaha, amemwacha kwa mjomba wake, Shemasi Tuiloma. Na Tuiloma si mtu wa kutajwa ovyo. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule. Ndiye aliyemwombea Lagimaina kazi, na nyumba aliyoishi Lagimaina na wanawe ilisimama juu ya ardhi ya ukoo wa shemasi huyo. Mkanda wake ulijulikana kijiji kizima. Hata Jumapili baada ya ibada alikuwa akijipigapiga kiunoni na kusema, "Huyu ni mwalimu msaidizi, na mshahara hadai." Watu wakacheka, na Lagimaina naye akacheka. Shemasi akitania, utafanyaje?

Fuatino alijibu maswali ya mwanzo kwa nyusi na mabega, mwalimu akamsemea. Pritchard akafika la tisa. Lagimaina akalitafsiri polepole, huku akiomba moyoni mtoto atikise kichwa.

Msichana hakumtazama mgeni. Alimtazama mwalimu wake, akapandisha nyusi. Tena hakuzishusha. Alizishikilia pale juu, kama mtu aliyenyanyua mzigo akingoja mwenzake aupokee.

"Amesemaje?" Pritchard aliuliza, macho kwenye kioo.

Lagimaina aliiona nyumba yake ikifungwa. Aliwaona wanawe barabarani na magodoro. Akajiambia kwamba atalishughulikia mwenyewe, taratibu, bila makelele, kwa njia ya kiutu uzima. Wenye hekima husema funika kombe mwanaharamu apite. Hawasemi nani anabaki ndani ya kombe.

"Hajasema kitu," alijibu.

Na kwa sheria ya mashine ilikuwa kweli tupu. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye: hata uongo hakuwa amesema, angalau apate cha kutubu. Nyusi za Fuatino zikashuka. Maswali yaliyobaki akayajibu kwa mdomo, tena kwa Kiingereza safi, akasema asante, akaondoka.

Waliofuata walikuwa wepesi zaidi. Kila nyusi zilipopanda kwenye la tisa, lile neno lilikuwa limeshazoea njia. Hajasema kitu. Hajasema kitu. Watoto waliokuwa salama walisema hapana kwa sauti, na mashine ikawasikia vizuri sana.

Taratibu ile ya kiutu uzima haikuanza. Kwanza kulikuwa na mitihani, halafu michango ya kanisa, halafu mvua. Ripoti ikatangulia kufika. Mzee Iakopo aliisoma mbele ya walimu kifua mbele: katika shule yetu hakuna hata mtoto mmoja aliyesema kwamba anaumizwa nyumbani. Palikuwa na aya ndogo chini yake. Wanafunzi kadhaa walionekana hawakulielewa swali la tisa, na watafiti wanapendekeza waongezewe vipindi vya lugha.

"Umesikia, Mwalimu Lagi?" Iakopo alimtania. "Tuna furaha mpaka tumepungukiwa maneno."

Kompyuta zilipokuja kukabidhiwa, kamati iliandaa karamu. Nguruwe alichomwa, magimbi yakaivia kwenye mawe ya moto, wasichana wakavalishwa maua kuhudumia wageni. Shemasi Tuiloma alisimama akahutubia kwa ufasaha uliowaliza wazee. Alisema mtoto ni hazina, na kwamba kijiji hiki kimepimwa na wataalamu kikaonekana kinajua kulea. Pritchard alipiga makofi kuliko wote.

Lagimaina alimwona Fuatino akipita na sinia. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kuanzia kiganjani, na vidole vilivyochungulia vilikuwa vimevimba. Mkono ule ndio wa kuandikia. Akamfuata nyuma ya jiko.

"Mwanangu, nani amekufanya hivi?"

Fuatino akaweka sinia chini, akafuta jasho kwa bega.

"Ni mjomba?" Lagimaina alishika ukingo wa sweta ya mtoto. "Niambie tu. Safari hii nitakwenda polisi mwenyewe, leo hii, hata nyumba wachukue. Wewe sema kwa mdomo wako nipate pa kuanzia."

"Kwa mdomo?"

"Ndiyo, mwanangu. Neno moja linanitosha."

Msichana alimwangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha mwalimu. Uso ulikuwa umetulia, kila kitu kimelala mahali pake, pamoja na nyusi.

"Siku ile sikumjibu yule mzungu, mwalimu. Nilikujibu wewe, na uliniona."

"Nilikuona. Nisamehe, niliogopa."

"Kiingereza nakisikia. Nilisikia ulichomwambia." Akainama, akaliinua sinia kwa mkono wa kushoto, akaliegemeza kifuani. "Basi ndiyo hivyo hivyo. Sijasema kitu."

Akaingia ndani kuwahudumia wageni, akaanza na mjomba wake, kama heshima inavyotaka.